Unataka kusomea fizio ama kuongeza masomo? Soma hii kabla hujalipa karo

Juzi binamu yangu alinipigia simu saa nne usiku. Amepata nafasi ya diploma ya fizio, yaani fiziotherapia, kupitia KUCCPS, wale wa serikali wanaogawa nafasi za vyuo Kenya, na badala afurahie anaongea kama mtu ameitwa kituo cha polisi. "Brathe, mama anasema siwezi soma miaka mitatu nzima ndio niende kukanda watu miguu." Nilicheka kwanza, halafu nikakaa vizuri kwa kiti, kwa sababu hilo neno la anti nililisikia kwa mamangu mwenyewe, nikalisikia kwa mwenye nyumba, na mpaka leo nalisikia wodini, na enzi zangu hakuna mtu alinikalisha chini akaniambia hii kazi inaelekea wapi na ukishamaliza unasoma nini tena. Nikamwongelesha mpaka kredo ikaisha. Haya ni yale nilimwambia, pamoja na yale nilikumbuka baadaye nikiwa kwa matatu.

Kitu ya kwanza: anzia mwisho. Usianze na "nisome kozi gani". Anza na "nataka kuamka asubuhi nikashike mgonjwa wa aina gani, niwe wapi, na nani ananilipa", ukishapata jibu hapo unarudi nyuma pole pole mpaka ufike kwa karatasi inayofungua huo mlango. Wengi wetu tulifanya kinyume, tukakusanya vyeti kama stika, halafu tukaanza kutafuta mlango unaotoshana na hizo funguo.

Kwanza ujue unachoingilia

Masaji iko, sitaki kudanganya. Hata chama cha kwanza cha hii kazi Uingereza kilianzishwa na wauguzi wanne London mwaka wa 1894, walikuwa wakanda watu kweli, na sababu moja ya kukianzisha ilikuwa kulinda jina lao, maana kuna nyumba zilikuwa zinafanya biashara ingine ya usiku zikijificha nyuma ya neno masaji. So hii shida ya anti ina zaidi ya miaka mia.

Lakini wacha nikuonyeshe siku yenyewe ilivyo. Nikiwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, mwaka wa pili nilipewa mzee mmoja wa kiharusi, upande wa kulia umelegea wote. Nilimpata kijana wake anamvuta kwa huo mkono mgonjwa ndio amkalishe, kwa mapenzi yake yote, na huo ndio mkono haufai kuvutwa kabisa juu misuli ya bega imelala, ukivuta unaweza toa kiungo mahali pake, na maumivu ya hilo bega yatamkalia mzee miezi mingi. Supavaiza wangu hakusema kitu, alininyooshea tu kidole niendelee. Nikamsogeza mzee mpaka ukingo wa kitanda. Nyayo zote mbili chini, zirudi nyuma kidogo ya magoti. Nikaweka magoti yangu mbele ya lile goti lake legevu lisije likakunjika, mikono yangu kwa nyonga zake, nikamwambia, "Mzee, inama mbele, leta pua juu ya vidole vya miguu, halafu tuinuke." Mara ya kwanza hakuinuka. Ya pili makalio yalitoka kwa godoro yakarudi. Ya tatu alisimama, sekunde kama nne hivi, akatazama nje ya dirisha akasema, "Kumbe kuna gari zimepaki hapo." Alikuwa amelala hapo siku kumi na moja.

Dakika ishirini za kupanga kwa sababu ya sekunde nne. Kama hiyo hesabu inakuboesha, tafuta kozi ingine mapema, hakuna ubaya. Kama umesikia kitu kifuani, endelea kusoma.

Na usichanganye majirani. Fizio anashughulika na mwendo, nguvu, maumivu, pumzi. Mtaalamu wa okupeshono therapi anaangalia kama huyo mzee ataweza kufunga vifungo vya shati, kula, kurudi kwa kazi yake. Fundi wa viungo bandia na vifaa vya mifupa ndiye anatengeneza mguu wa kuvaa ama kifaa cha kushikilia kifundo, na kuna yule wa kufunga plasta za mifupa. Zote KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, wanafundisha, na kwa fomu ya kuomba nafasi zinakaa karibu karibu hivi mpaka mtu anabonyeza ya jirani. Kama moyo wako uko kwa kutengeneza vitu na mikono, viungo bandia ni kazi nzuri sana, na kule Moshi, Tanzania, kuna chuo kinaitwa TATCOT kinachofundisha hiyo fani tangu miaka ya 80.

Mlango wa diploma na mlango wa digrii

Diploma ya KMTC ni miaka 3. Wastani wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ni C, na uwe umefanya vizuri baiolojia, lugha na sayansi ingine. Digrii ni miaka 4 na lazima C+ kama digrii zingine, JKUAT kule Juja wanayo, Moi kule Eldoret wanayo, na kuna vyuo vingine vimeanza. Mwaka wa kwanza ni anatomia na fiziolojia mpaka uote mifupa. Usiogope jina la fizikia hapo ndani, inayotumika sana ni nyenzo na nguvu, yaani kwa nini mgonjwa akishika kitu kizito mbali na mwili mgongo unalia.

Maoni yangu, na najua kuna watu watanikasirikia: kama gredi zako zinafika digrii na karo inaweza patikana, ama mkopo wa serikali wa HELB ukusaidie, enda digrii moja kwa moja. Si ati wa diploma hawajui kazi. Baadhi ya mikono mizuri zaidi nimeona Nairobi ni ya watu wa diploma, wamekaa wodini mapema na wamegusa kila aina ya mgonjwa. Shida ni milango ya mbele. Masta inataka digrii. Nchi nyingi za nje zinaanza kuhesabu kwa digrii. Hata kwa ajira ya serikali wa digrii anaanzia ngazi ya juu kidogo. Lakini kama nyumbani hali ni ngumu na unahitaji mshahara haraka, chukua diploma bila aibu, fanya kazi, halafu upande digrii ukiwa na pesa zako. Nimefanya kazi na watu kibao walipitia hiyo njia.

Ukienda kupanda sasa, kuna swali moja la kuuliza chuo kabla hujalipa hata shilingi ya fomu: masomo gani ya diploma yangu mnayakubali, na naanzia mwaka gani? Uliza kwa imeli, wajibu kwa imeli. Ukiambiwa kwa mdomo pale dirishani "usijali, utaanzia mwaka wa pili", hiyo ni hewa. Rafiki yangu aliambiwa hivyo, akafika darasani akajipata mwaka wa kwanza anafundishwa majina ya mifupa na watoto waliotoka fomu foo juzi, na yeye ana miaka sita kazini.

Na kabla ya hayo yote, angalia kama hiyo programu inatambuliwa na baraza letu, Physiotherapists Council of Kenya, watu wanaita PCK. Sheria ya wanafizio ilipitishwa 2014 na hilo baraza ndilo linasajili watu na kutoa leseni. Bila kusajiliwa huwezi kujiita fizio ukatibu watu, ni kosa kisheria. Chuo kinaweza kuwa na jengo la vioo na basi lake na bado programu yake haijakubaliwa, so usitazame jengo. Uliza baraza.

Ukiwa bado shuleni: weka karatasi

Hapa ndipo nakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo niliumia.

Logibuku ya atachimenti watu wengi wanaiona kama adhabu. Unaandika wagonjwa, masaa, unatafuta supavaiza asaini na yeye anakimbia chai. Nilimaliza shule, nikaweka yangu chini ya kitanda kwa katoni pamoja na noti zote, nyumba ya chini Kayole. Mvua ya Aprili ikaingia. Nilirudi jioni nikapata katoni imekuwa uji. Sikujali sana wakati huo, nililia viatu. Miaka minne baadaye naomba kutathminiwa nje, wanataka kujua masaa mangapi nilifanya mifupa, mangapi neva, mangapi watoto, mangapi kifua, na nani alinisimamia. Nikarudi chuoni, yule mwalimu aliyejua kila kitu amestaafu, ofisi ikaniambia nirudi wiki ijayo, nikarudi wiki ijayo mara tisa.

So fanya hivi, na fanya leo. Kila ukurasa wa logibuku ukisainiwa, piga picha ama skani, tuma kwa imeli yako mwenyewe. Silabasi ya kila somo, ile nakala ndefu inayoonyesha masaa na mada, iombe ukiwa bado mwanafunzi juu ukiwa ndani wanakupa, ukiwa nje unaitwa "mwombaji". Transkripti ukimaliza chukua nakala rasmi kadhaa. Jina lako liandikwe sawa kila mahali, kama kitambulisho kinasema Wanjiku na cheti kinasema Wanjiko, rekebisha sasa, usingoje mpaka uwe na tikiti ya ndege.

Miaka miwili ya kwanza kazini

Ukishapata leseni, leseni yenyewe unaifanya upya kila mwaka na unahitaji poiti za masomo endelevu, utaanza kuona wenzako wakikimbilia kuspeshalaizi. Tulia kwanza. Jaribu upate mahali kuna mchanganyiko wa wagonjwa: ICU, mifupa, kiharusi, watoto, na kliniki ya nje. Hospitali kubwa za umma ndizo zinakupa hiyo, na mzigo wa wagonjwa huko utakufinya mpaka mikono ijue yenyewe. Tangu ugatuzi 2013 kazi nyingi za afya ziko kwa kaunti, so angalia matangazo ya bodi za ajira za kaunti, si ya Nairobi pekee, na usidharau kaunti za mbali. Mtu wa mbali anajikuta ndiye fizio wa hospitali nzima, anaamua, anaharibu, anajifunza. Kazi hazitoshi, huo ni ukweli, kuna watu wamemaliza na wanangoja. Ukingoja, fanya lokamu, yaani kushikia mtu zamu, na wagonjwa wa nyumbani.

Wagonjwa wa nyumbani wacha nikuambie. Hii mji imejaa familia iko na mzee wa kiharusi na haiwezi mbeba kila siku mpaka kliniki. Wa kwanza wangu alikuwa South B, ghorofa ya nne bila lifti, na hapo ndipo nilielewa kwa nini kliniki walikuwa wanaandika "hajahudhuria". Kabla hujakubali, ulize mambo matatu kwa simu: nani anakaa na mgonjwa mchana, choo kiko wapi, na ngazi ni ngapi. Hayo yatakuambia malengo yako kuliko barua ya daktari. Panga wagonjwa kwa upande mmoja wa mji, ukichukua mmoja Rongai na mwingine Kasarani siku moja utafanyia matatu kazi. Mfundishe yule anayebaki naye, kwa sababu wewe unakuja mara mbili kwa wiki na yeye yuko hapo kila siku. Na ukiambiwa "daktari, leo mkande tu, amechoka", mkande dakika tano kisha msimamishe.

Sasa chagua mgonjwa wako

Baada ya miaka kama miwili utajua ni nani ukimwona kwa foleni unafurahi. Hiyo hisia iandike, ina maana kuliko ushauri wowote.

Mimi niliangukia watoto bila kupanga. Nilitumwa kliniki ya watoto waliozaliwa na nyayo zimepinda ndani, nikaona njia ya Ponseti kwa macho yangu. Kila wiki unanyoosha mguu wa mtoto kidogo tu kwa vidole, unaufunga plasta, wiki ijayo unaitoa unasogeza tena kidogo, plasta tano sita hivi, mara nyingi daktari anakata kano ya kisigino kidogo, halafu viatu vilivyounganishwa na chuma. Vinavaliwa karibu muda wote miezi 3, baadaye usiku na wakati wa kulala mpaka miaka 4 ama 5. Na hapo kwa viatu ndipo kazi iko, si kwa plasta. Mama anavitoa kwa sababu mtoto analia usiku na jirani anagonga ukuta, mguu unarudi. Kwa hiyo fizio wa watoto nusu ya kazi yake ni kuongea na wamama, na baba mkwe, na shosho anayesema mtoto amelogwa. Kama huna subira na shosho, usiende watoto. Mtindio wa ubongo nao ni safari ya miaka, hapo Waiyaki Way, Nairobi, kuna APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, wako tangu 1958, na kule Kijabe kuna hospitali ya CURE ya watoto wenye ulemavu. Omba kwenda kutazama hata siku moja tu uone kama utaweza.

Uti wa mgongo ni dunia ingine, wengi ni vijana, boda na matatu na kuanguka kutoka kwa mjengo. Nairobi ndiko kuna ile hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo, pale upande wa Hurlingham. Huko unafundisha mtu wa miaka 23 kujigeuza kitandani kila masaa mawili ndio asipate vidonda. Si ya kila mtu.

Michezo ndiyo kila mwanafunzi anaota. Ati atakaa kwa benchi na Gor, ile klabu ya mpira, ama aende na timu ya raga. Ukweli ni kwamba nafasi ni chache na mwanzoni utafanya bure ama kwa nauli na soda. Kama unaipenda kweli, chagua klabu moja ndogo ya karibu, enda kila Jumamosi msimu mzima, uwe wewe ndiye wanakujua. World Rugby wana kozi za mtandaoni za bure kuhusu mtu akigongwa kichwa, na za huduma ya kwanza uwanjani zenye ngazi, anzia hapo badala ya kununua tepu za rangi za kubandika misuli. Na huko Iten wakimbiaji wanahitaji watu, si Nairobi peke yake iko na michezo.

Halafu kuna ile watu hawaongei: wamama baada ya kujifungua. Mkojo unatoka akicheka, mgongo, misuli ya sakafu ya nyonga imelegea, na ameambiwa ni kawaida avumilie. Wanafizio waliosomea hii hapa kwetu ni wachache sana, mahitaji ni mengi, na mama mmoja akisaidika anakuletea kikundi chake chote cha chama. Ningekuwa naanza leo, na niwe mwanamke, ningeangalia hapa kabla ya michezo.

Kambi za wakimbizi, Dadaab na Kakuma, huwa zina mashirika ya urekebishaji, kwa mfano Humanity & Inclusion wale walikuwa wanaitwa Handicap International, na Msalaba Mwekundu wa kimataifa wana miradi ya viungo bandia nchi nyingi. Wanataka mtu ameshafanya kazi, anaandika ripoti vizuri, na hatalalamika jua. Ualimu pia ni mlango, kufundisha digrii siku hizi chuo kinataka uwe na masta, na darasa lina njaa ya watu waliogusa wagonjwa.

Vyeti vya wikendi

Nililipa elfu 28 kwa kozi ya siku mbili ya kufunga tepu, hoteli moja hapo taoni, chai ya saa nne ilikuwa tamu. Cheti kilikuja na muhuri wa dhahabu. Nikakipeleka kwa intavyu, mama aliyekuwa kwa meza akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele, akaniuliza, "Na hawa ni akina nani?" Sikuwa na jibu. Poiti za baraza pia sikupata. Simu ya waliotufundisha ilikuwa imezimwa.

Kabla hujatoa pesa, uliza: baraza linatoa poiti ngapi kwa hii? Mwalimu ameidhinishwa na nani, na jina lake naliona wapi? Njia zinazojulikana duniani, McKenzie kwa mgongo, Mulligan, Maitland, Bobath kwa kiharusi, ziko na taasisi zao na walimu wao wanaoorodheshwa, unaweza kuhakikisha kabla ya kulipa. Zina ngazi, zinakula miaka, ni ghali. Lakini ukifika kliniki ya Cape Town ama Dubai ukasema umefika ngazi fulani ya McKenzie, wanajua unachosema. Chukua moja, ifuate mpaka mbali. Nne nusu nusu hazikupeleki popote.

Masta: ya nini hasa?

Kuna masta ya kukufanya uwe bora kwa mgonjwa, na kuna ya kukutoa kwa mgonjwa. Ukitaka kusimamia idara ama kufanya sera, masta ya afya ya umma ya pale Chuo Kikuu cha Nairobi ama ya usimamizi wa afya inakutosha, na unasoma ukiwa kazini. Ukitaka michezo na mazoezi, Kenyatta wana idara ya sayansi ya michezo. Ukitaka masta ya fizio yenyewe, ya kliniki ama ya utafiti, wengi wetu tunatazama Afrika Kusini, Western Cape, Stellenbosch, Wits, wana programu za muda mrefu na Waafrika wengi wamepita hapo. Kabla ya kuomba, pata swali la utafiti kutoka kwa wodi yako. "Nataka kusoma mgongo" si swali. "Kwa nini madereva wa matatu wa laini ya Githurai wanaacha kliniki baada ya siku ya pili" hilo ni swali, na msimamizi atakujibu imeli.

Pesa: Chevening, ufadhili wa Uingereza, inalipia masta ya mwaka 1, wanataka masaa 2,800 ya kazi, hiyo ni kama miaka miwili, unachagua kozi 3, na ukimaliza unarudi nyumbani miaka 2. Commonwealth pia iko, na DAAD ya Ujerumani. Fomu zinafunguliwa mara moja kwa mwaka, na barua za marejeleo ndizo zinawakwamisha watu, so usimkosanie bosi wako kwa sababu ya zamu ya Krismasi.

Sasa mtego mkubwa wa Uingereza, soma hapa mara mbili. Kuna masta mbili za fizio zinafanana jina. Moja ni ya kabla ya usajili, miaka 2, ni ya watu wenye digrii ingine wanaotaka kuwa wanafizio, na ukimaliza unaweza kusajiliwa na HCPC, lile baraza lao. Ingine ni ya juu, ya watu tayari ni wanafizio, mara nyingi mwaka 1, na hiyo yenyewe haikupi usajili. Rafiki yangu aliuza kashamba ka Kitengela akaenda akafanya ya pili akidhani akimaliza tu anaingia kazini kule. Akamaliza vizuri sana. Halafu ndio akaanza kuomba usajili kama mtu aliyetoka Nairobi jana, na visa inahesabu siku.

Kwenda nje kufanya kazi

Uingereza unaweza kuomba HCPC moja kwa moja ukiwa hapa hapa, na kama Kiingereza unakithibitisha kwa mtihani wa IELTS wanataka wastani wa 7.0 na hakuna sehemu chini ya 6.5. Wanasoma mafunzo yako na uzoefu wako, ndio maana nilipiga kelele kuhusu silabasi na logibuku.

Marekani ndiyo ngumu zaidi. Kule wanafizio wapya wanatoka na DPT, ni udaktari wa fizio, kwa kawaida miaka 3 juu ya digrii ya kwanza. Wewe uliyesoma nje unapeleka masomo yako kwa watathmini kama FCCPT, wanahesabu kozi moja moja, hata za jumla kama saikolojia, wanakuambia umepungukiwa wapi, unajaza mapengo, halafu unafanya mtihani wao wa leseni, NPTE, unaopimwa kati ya 200 na 800 na kupita ni 600. Diploma peke yake hapo haifiki. Hata digrii yetu mara nyingi inakutwa na mapengo, usiseme umeonewa. Kanada kuna CAPR wanaotathmini kisha mtihani, Australia kuna Australian Physiotherapy Council.

Ghuba ni haraka kidogo, Dubai, Saudia, Katari. Karatasi zako zinahakikishwa na kampuni ya DataFlow kutoka chanzo chenyewe, yaani wanaandikia chuo chako na hospitali yako, so cheti cha kutengeneza kitakufungia mlango. Halafu mtihani wa kompyuta. Mara nyingi wanataka uzoefu wa miaka 2. Hakikisha leseni yako ya hapa iko hai wakati wote huo, kuna mtu aliiacha ikaisha akidhani anaondoka mwezi ujao, safari ikasukumwa, akajipata hana ya hapa wala ya kule. Na ajenti akikuitisha pesa ya "kukuharakishia leseni", toka hapo.

Utauliza kama kazi zitaisha. Shirika la Afya Duniani linasema watu bilioni 2.4 wana hali zinazoweza kusaidika na urekebishaji. Wagonjwa wapo. Kinachokosekana ni wa kuwalipia na nafasi za ajira, na hiyo ni siasa, si fizio.

Binamu yangu alinyamaza kidogo hapo mwisho nikadhani laini imekatika. Kumbe anaandika. Akaniuliza anunue nini kabla ya kuripoti. Nikamwambia anunue goniometa ya plastiki, ile ya kupima kiungo kinakunjika digrii ngapi, ni ya bei ndogo, saa yenye mshale wa sekunde ya kuhesabu pumzi na moyo, viatu vya kufunga kamba, na folda ya plastiki isiyoingia maji.

"Na mama nimwambieje?"

Anti amekuwa na hilo goti tangu nikiwa darasa la saba, analipaka mafuta ya kila aina na akiinuka kwa kiti anashika meza. Nikamwambia amwambie nakuja Jumapili baada ya kanisa, atafute kiti kimoja kigumu kisicho na magurudumu, akiweke kikiegemea ukuta, na hiyo goniometa kijana aje nayo, yeye ndiye atapima.